Dizwiti si dizwiti

Bwana Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa magari ulimjibu msomaji aliyeuliza juu ya matairi ya gari lake kwa sentensi moja: tairi likiingia vizuri kwenye rimu, linafaa. Mimi ni mkereza vyuma mstaafu. Nimesimama mbele ya mashine miaka 31 katika karakana ya mgodi, na sentensi hiyo ilinifanya niache chai ipoe. Naomba nafasi niipinge, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiamini. Ilinigharimu dola 240 na Jumapili mbili.

Gari langu ni BMW M3 ya mwaka 2004, lile umbo ambalo mafundi wanaliita E46. Najua mtauliza mzee wa Katuba, hapa Lubumbashi, amelipata wapi. Injinia mmoja niliyekuwa nikimkerezea vipuri aliniuzia alipokuwa anarudi kwao, kwa bei ya kuoneana haya, kwani mjini hapa hakuna aliyelitaka gari la milango miwili linalokwaruza tumbo kwenye kila tuta na kunywa esansi (petroli) kama wageni wa harusi wanavyokunywa bia ya Simba. Wajukuu wanaliita ndege ya Kambo, yaani ya babu. Linatoka Jumapili tu, kwenda kanisani, na mara chache kwenda Likasi kumwona dada yangu, kilomita kama 120 za lami.

Matairi ya nyuma yalipokwisha, nilikwenda komini ya Kenya (Kenya yetu, si nchi ile) kwa kijana anayeuza matairi ya okazyo, yaani yaliyokwisha kutumika. Nikamwambia nataka ya dizwiti (kumi na nane kwa Kifaransa, yaani ya rimu ya inchi 18), ya nyuma, mapana. Akaingia ndani, akatoka akiviringisha mawili yenye mashina mazuri (yale meno yanayoshika barabara), meusi, yamepakwa kitu cha kung'arisha. Nikasoma ubavuni: 255/45R18. Yangu yaliyokwisha yaliandikwa 255/40R18. Nikamwonyesha ile 40.

"Papa," akaniambia, "dizwiti ni dizwiti. Hii ilitoka ku Mercedes ya mukubwa. Itaingia tu."

Na kweli iliingia. Kwado, fundi wa matairi, alilipachika dakika kumi, akalijaza upepo, akalipiga teke, akasikiliza mlio, akasema iko sawa. Kumbe mimi, niliyekuwa nikitupa kipande cha chuma kwa kosa la sehemu mbili za mia za milimita, nililipa na kuondoka.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Ile 255 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 40 si milimita. Ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 40 ya upana. Ile 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 457. Chukua 255, tafuta asilimia 40 yake, unapata ubavu wa milimita 102. Ubavu uko juu ya rimu na chini ya rimu, kwa hiyo uongeze mara mbili: 457 na 204, tairi zima lina kimo cha milimita 661. Matairi yangu ya mbele ni 225/45R18. Asilimia 45 ya 225 ni 101 na kidogo. Tairi zima: milimita 660.

Tazameni vizuri hapo. Mbele 660, nyuma 661. Mtu asiyehesabu anaona namba mbili zinazotofautiana, 45 na 40, anadhani Wajerumani walichanganya. Hawakuchanganya kitu. Walipoongeza upana nyuma, kule nguvu ya injini inakokwenda, walipunguza asilimia ili magurudumu yote manne yazunguke karibu sawa. Mimi nilipoiona hesabu hiyo imetoka kwenye karatasi nilicheka peke yangu mezani, kama siku ile nilipokereza ekseli yangu ya kwanza ikaingia bila nyundo.

Yale ya Mercedes? Asilimia 45 ya 255 ni karibu milimita 115. Tairi zima linafika 687. Yaani nyuma ya gari langu ilinyanyuka, na kila gurudumu la nyuma likawa na hatua ndefu. Sikuliamini karatasi peke yake. Nilichukua kamba nikaizungusha kwenye tairi la zamani, nikaipima kwa futi ya mke wangu ya kushonea. Hiyo futi inaishia sentimita 150, kwa hiyo nilipima vipande viwili, naye akilalamika kwamba naichafua. Tairi la zamani, lililokwisha, lilitoa 204. La Mercedes lilitoa 215. Hata lingekuwa jipya, lile la kwanza lisingezidi 208.

Barabarani mambo yalikuwa hivi. Bado sijatoka mjini, taa ya njano ya ule mfumo unaozuia gari kuteleza ikawaka kwenye dashibodi. Kompyuta ya gari haioni matairi. Inahesabu mizunguko tu. Kwa kipimo cha kiwandani, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanapishana mzunguko mmoja hivi kwa kilomita. Sasa ya mbele yalizunguka mara 19 zaidi ya ya nyuma kwa kila kilomita, na kompyuta ikaona kuna jambo baya linatokea ambalo hailielewi. Ikajiondoa kazini. Nilipofika kwenye matuta, na shemeji zangu wawili wamekaa nyuma, nikasikia mpira unakwangua ndani ya bodi. Tulirudi polepole. Tulikosa misa.

Jumapili ya pili ilikwenda kwa kosa lingine, nalo nalisema haraka kwa sababu linaniaibisha. Yule kijana alikubali kunibadilishia nikimwongeza pesa, akanipa 255/40R18 kamili. Kimo sawa, upana sawa. Lakini mwishoni mwa maandishi palikuwa na herufi T, na sikuitazama. T maana yake tairi limepimwa kwa mwendo wa hadi kilomita 190 kwa saa. H ni 210, V ni 240, W ni 270, Y ni 300. M3 imefungwa kiwandani isizidi 250. Mtaniambia: nani anakimbia 250 njia ya Likasi, nyuma ya kamioni za madini? Hakuna, na mimi najua umri wangu. Ila herufi ile haisemi mwendo peke yake. Tairi la T na tairi la Y hayajajengwa sawa ndani, na gari zito lenye nguvu likikata kona lile laini linajikunja. Namba iliyo kabla ya herufi ni mzigo: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 95 ni kilo 690. Nayo inatazamwa. Kwangu nyuma nilikuwa na 99Y.

Na lile la T lilikuwa zee. Tafuteni ubavuni herufi DOT, mfuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Yangu yalisema 1612, maana yake wiki ya 16 ya mwaka 2012. Ule mng'aro ulikuwa unaficha nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi. Matairi mengi ya okazyo ni yale ambayo wenyewe waliyatoa kwa sababu sheria kule Ulaya inataka mashina yasipungue milimita 1.6. Leteni tairi pana la namna hiyo hapa mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha tangu mchana na maji yamesimama barabarani. Upana ambao kiangazi ni sifa unakuwa mtumbwi.

Jirani yangu ana Subaru, na kwake jambo ni baya zaidi ingawa namba zake zote nne ni sawa. Gari lake linavuta kwa magurudumu manne. Alipasukiwa na tairi moja, akanunua jipya moja, matatu ya zamani akayaacha. Jipya lina mashina ya milimita 8, ya zamani yamebaki na 2. Mzingo unapishana karibu sentimita 4, na ile tofauti yote inakwenda kuchemsha mafuta katikati ya gari, mahali asipopaona. Nilimwambia. Akasema nina wivu.

Kuna pia mpwa wangu anayenishauri niweke rimu za inchi 20, kama vijana wa Golf. Kwa hesabu inawezekana: 245/30R20 ina kimo cha milimita 655, karibu na kile changu. Lakini ubavu umebaki milimita 73 badala ya 102. Zile sentimita tatu zilizopotea ndizo zilizokuwa zinapokea shimo. Baada ya hapo shimo linapokelewa na rimu, na rimu ya alumini ikipinda hapa mjini inagongwa kwa nyundo juu ya moto wa makaa. Nimeshaona kazi hiyo. Sitapanda gari lililofanyiwa hivyo.

Mwishowe nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilifungua mlango wa dereva, nikanakili kila kitu kilichoandikwa kwenye kibandiko, pamoja na upepo wa mbele na wa nyuma, ambao si sawa. Nikampa karatasi dereva mmoja wa kamioni anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kila wiki, nikamwonya asikubali hata namba moja tofauti. Alirudi baada ya siku tisa na mawili mapya, 255/40R18 99Y. Taa ya njano haijawaka tena.

Ombi langu kwenu ni dogo. Chapeni tena jibu lile, mara hii mkimwambia yule msomaji kwamba rimu inamchagulia namba moja tu kati ya zile zote, na zilizobaki ziko mlangoni mwa gari lake. Aliuliza juu ya gari lenye turbo, naye alisema anasafiri Kolwezi na watoto.

Yale mawili ya Mercedes yule kijana hakuyataka tena. Moja mke wangu amelijaza udongo na kupanda lengalenga. La pili analikalia yeye akichambua mboga, na anasema kimo chake kinamfaa.

Mkereza vyuma mstaafu,
Katuba, Lubumbashi