Hapo sio figo, hapo ni pedali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua yangu ndefu kidogo, ukitaka kupunguza punguza ila pale kwenye pedali usinikatie.

Mi ni fundi cherehani huku Mbagala, cherehani ya kukanyaga sio ya umeme, huu mwaka wa ishirini na mbili, kwa hiyo miguu yangu ndo injini. Tangu mwaka jana nikilala nyayo zinawaka moto, natoa miguu nje ya shuka naigusisha sakafuni ipoe, mama watoto kachoka maana kila nikigeuka na neti inachomoka. Nimepaka mafuta ya karafuu, nimeloweka kwenye maji ya chumvi, inatulia siku mbili inarudi palepale. Sasa mteja wangu mmoja, mama wa ofisini nilimshonea kitenge cha sendofu, akaniambia fundi wewe nenda kafanye rifleksolojia, unabonyezwa nyayo tu na mwili mzima unafunguka, elfu ishirini na tano.

Elfu ishirini na tano kubonyezwa miguu! Bibi yangu alikuwa anatuchua na mafuta ya nazi bure kabisa, tena ukilalamika anakuongeza na kofi. Lakini moto wa nyayo saa nane usiku unakufanya uwe msikivu bwana, Jumamosi nikafunga banda mapema nikaenda.

Niseme ukweli, nilichoogopa sio maumivu, ni magaga. Visigino vyangu vimepasuka ungeweza kuchomeka sarafu, na anayenipokea ni binti wa rika la mwanangu, shikamoo baba, marahaba, karibu ukae, anachuchumaa anataka kunivua viatu. Nikamwambia acha mama navua mwenyewe. Kwetu mtu mzima haoshwi miguu na mtoto wa watu labda awe anaumwa. Yule binti wala hakushtuka, akaniletea beseni la maji ya moto lina vipande vya limao, akasema baba hapa tunaona miguu ya kila aina, ya kwako ni ya mtu anayefanya kazi. Hapo nikalegea.

Ukutani kuna picha kubwa ya nyayo mbili zimepakwa rangi vipande vipande kama ramani ya Afrika na nchi zake. Kwenye vidole wameandika kichwa na macho, chini yake mapafu, kisigino ni kiuno, ukingo wa ndani ni uti wa mgongo, ini lipo mguu wa kulia na moyo upo wa kushoto. Binti anaanza kwa kidole gumba, anakikunja anakikunjua kinatembea kama kiwavi kwenye jani, taratibu, haruki hata sehemu, na mafuta yanayonukia mchaichai. Mhariri, sijawahi kuona mtu anafanya kazi ya mikono kwa utulivu ule tangu marehemu fundi aliyenifundisha kutia mkono wa koti. Nikasinzia. Nikakoroma, niliambiwa baadaye.

Kilichoniamsha ni pale katikati ya unyayo wa kulia, juu kidogo, alipobonyeza nikaruka nikamwaga hadi maji ya kwenye glasi. Akasema pole baba, hapo ni figo, figo lako lina uchafu umeganda, nausikia kama punje za mchanga.

Sasa mi nikatazama ule unyayo wangu. Pale alipobonyeza kuna sugu ya duara, nyeusi, naifahamu kama ninavyolifahamu jina langu, maana nafanya kazi peku na pedali ya cherehani yangu ina nundu ya chuma palepale, miaka ishirini na mbili nakanyaga hiyo nundu tangu asubuhi hadi magharibi. Nikamwambia mama, hapo sio figo, hapo ni pedali. Akacheka, akasema inawezekana, ila lazima amwite daktari.

Daktari kaja na koti jeupe. Akanishikisha kichuma kimeunganishwa na kompyuta, dakika moja tu, mashine ikatoa karatasi kama saba hivi, kila kiungo changu kimepewa alama kama ripoti ya shule, figo limefeli, ini limefeli, nguvu za kiume nazo eti zimepata wastani, hapo nikataka kubisha ila binti yupo pembeni nikanyamaza. Dawa pakiti tatu laki moja na themanini. Nilikuwa na elfu sitini ya kwenda kununulia bitana Kariakoo. Nikanunua moja. Ndio, nilinunua! Mtu akishakuambia figo linaoza huku umekaa peku na magaga yako nje, ubishi unautoa wapi?

Usiku huo nilililia bitana langu kuliko figo. Binti yangu wa chuo akachukua simu akaanza kunisomea. Kumbe ile ramani ya ukutani, ambayo niliambiwa ni siri ya Wachina ya miaka elfu tano, mizizi yake ipo Marekani, kuna daktari wa masikio, pua na koo anaitwa William Fitzgerald, miaka ya 1910 aliugawa mwili kwa mistari kumi toka kichwani hadi vidoleni, halafu miaka ya 1930 mama mmoja anaitwa Eunice Ingham ndo akaishusha yote kwenye nyayo akachora kiungo gani kinakaa wapi. Taiwan nako aliyeivumisha ni padri wa Kiswisi, Josef Eugster. Sisemi Wachina hawakuwa na mambo yao ya miguu, wanayo, ila hii picha ina wenyewe na wala sio ya zamani kumzidi babu yangu. Akanisomea tena kwamba mwaka 2009 mtafiti Edzard Ernst alikusanya majaribio 18 ya hii tiba akaona hayaonyeshi kwa uhakika kwamba inatibu ugonjwa wowote. Na hakuna njia inayotoka unyayoni pale penye sugu ikaenda moja kwa moja kwenye figo ikaleta habari.

Jumatatu nikaenda hospitali, wakanipima mkojo na damu, figo zima, ini zima, sukari haipo. Daktari, huyu wa kweli, aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akasema lete hiyo pedali niione, tukacheka wote. Nimekata kipande cha godoro la zamani nimekifunga juu ya ile nundu kwa mpira wa tairi, navaa ndala nikiwa kazini, na kila nikimaliza nguo moja nasimama nanyoosha vidole. Wiki ya tatu sasa nalala miguu ikiwa ndani ya shuka.

Sasa kilichonifanya nikuandikie sio elfu sitini, hiyo nimeshaizika. Ni kaka yangu. Kaka ana sukari mwaka wa tisa, nyayo zake zimekufa ganzi. Siku moja alikuja bandani kwangu akakaa pale akapiga stori, akaondoka, kesho yake mkewe anamvua soksi anakuta damu, sindano ya cherehani iliyovunjika imezama kwenye unyayo na yeye alikuwa ametembea nayo kutwa nzima hana habari. Sindano yangu hiyo, Mhariri. Kidonda kilikaa miezi minne na mwisho wakakata kidole. Pale nilipoenda mimi hakuna aliyeniuliza kama nina sukari, wala presha, wala kama nina mguu uliovimba upande mmoja, na daktari alinieleza mguu wa hivyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani na haukandwi hata kidogo. Walinipa beseni la maji ya moto moja kwa moja. Angekuwa kaka angeungua ngozi na angekuwa anamtabasamia yule binti.

Hii nchi ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002 na Baraza lake lipo, mi ombi langu kwao ni dogo sana, wapite kwenye hizi sehemu waangalie mambo mawili tu, mteja aulizwe sukari kabla hajatia mguu kwenye beseni, na asiyekuwa daktari asimwambie mtu figo lake limekufa halafu hapohapo anafungua kabati la dawa. Wanaokanda waachwe wakande. Maana yule binti ana mikono, nasema kweli, na akiandika mlangoni "tunapumzisha miguu" kwa elfu ishirini na tano mi nitakwenda kila mwisho wa mwezi na bila kubisha, nusu saa ile ndo mara ya kwanza tangu nianze kushona miguu yangu imekaa bila kudaiwa kazi na mtu. Mbona tunalipia kunyoa ndevu na hakuna kinyozi anayetuambia kidevu chako kinaonyesha una vidonda vya tumbo?

Ile pakiti sijaifungua, ipo hapa mezani, naitumia kuzuia kitambaa kisipepee feni ikiwashwa. Kaka ameiona, nikamhadithia yote, na badala ya kunipa pole kaniuliza kama yule binti anafanya kazi Jumapili. Nimemwambia tusubiri kwanza kliniki yake ya Alhamisi tumuulize daktari.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam