Simu ya nahodha na mchanga wa Mkanda

Mhariri,

Juma lililopita nilihudhuria kikao cha wavuvi katika ukumbi mmoja hapa kisiwani Amu, yaani Lamu. Mzee mmoja alisimama kueleza hali yake tangu gati la kwanza la bandari mpya kule Kililana lifunguliwe mwaka 2021. Alisema pale alipozoea kutega sasa ni njia ya meli, na mashua yake ya tanga haiwezi kumfikisha bahari kuu. Alinena polepole, kofia yake mkononi. Kiongozi aliyeitisha kikao alikuwa ameinamia simu. Mzee aliponyamaza, akainua kichwa: "Ahsante mzee, maoni yako tumeyapokea." Akaitwa mwingine. Hakumuuliza hata ni sehemu gani.

Nilikasirika, kisha nikakumbuka kuwa kosa lile nimewahi kulifanya mimi, tena nikiwa nimebeba roho za watu.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nahodha wa boti ya abiria baina ya Mtangawanda, kisiwani Pate, na Amu. Wapitao njia hiyo wanaujua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa unapita salama. Yakipwa, usipokuwa makini unapanda mchanga. Siku hiyo yalikuwa yakipwa, nami nilijua. Lakini simu ilikuwa sikioni, nabishana na mtu kuhusu pesa za mafuta. Mkono uko kwenye usukani, macho yanatazama mbele, na sioni kitu. Tulikwama saa tisa alasiri, tukakaa hadi saa tatu usiku maji yaliporudi. Miongoni mwa abiria alikuwemo mama anayempeleka mwanawe hospitali, mtoto ana homa kali. Alichovya ncha ya leso katika chupa ya maji ya kunywa, akawa anampangusa kipaji, tena na tena, mpaka chupa ikaisha. Hakunitukana. Mtoto alipona, Alhamdulillahi, lakini ile leso naiona hadi leo.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Kijana aliyekaa omoni, mbele ya chombo, aliyaona maji yakigeuka rangi, kutoka kijani kuwa ya udongo. Nilipomuuliza mbona hakusema, alijibu: "Nahodha, juzi nilipokwambia juu ya jiwe ulinikemea mbele ya abiria." Ni kweli, nilimkemea. Basi siku ile chombo kizima kilitegemea macho yangu peke yake, na macho yangu yalikuwa kwenye hesabu ya mafuta.

Tangu hapo simu ilikaa kwa baharia hadi tufunge gatini. Kabla ya kung'oa nanga nilimuuliza kila mmoja anayaonaje maji na upepo, nikarudia alichosema ndipo nikajibu. Mwanzoni waliniambia "shwari" tu, wote. Ilipita miezi ndipo siku moja yule kijana akanikatiza kwa ukelele: "Kushoto, Nahodha!" Niligeuza kwanza, nikauliza baadaye.

Nawaomba viongozi wetu wa Lamu, wa kaunti na wa vikundi vya ufuoni, wafanye vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 10, imeutaja ushirikishaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Karatasi ya mahudhurio iliyojaa saini haitoshi. Simu zikae kwa karani. Mwananchi akimaliza kusema, kiongozi arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa, na msemaji akubali kwamba ndivyo, kabla ya jibu lolote. Kikao kitakuwa kirefu. Na kiwe kirefu.

Yule mzee nilimfuata nje. Kwa ncha ya bakora alinichorea mchangani sehemu zake tatu, akanitajia na majina yake. Kiongozi akitaka kuzijua, mzee yuko barazani kwake kila siku baada ya sala ya alasiri.

Nahodha mstaafu,
Langoni, Lamu