Barua kwa mwanangu kuhusu uzamili wa insia za kidijitali

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mkutubi kama wewe anaweza kusoma uzamili wa insia za kidijitali, yaani kutafiti historia, lugha na fasihi kwa msaada wa kompyuta, bila kuwa fundi wa kompyuta. Anaweza. Fani hii yenyewe hupenda kumtaja Padri Roberto Busa, aliyeanza mwaka 1949 kutengeneza faharasa ya maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa zama za kati, kwa kadi za kutobolewa za kampuni ya IBM. Faharasa! Kazi yenu wakutubi hiyo.

Usichague chuo kwa jina la shahada. Soma orodha ya masomo: kama hakuna XML na TEI (namna za kuweka alama kwenye maandishi ili kompyuta itambue sehemu zake), hifadhidata, haki miliki na lugha ya programu ya Python angalau ya mwanzo, achana nacho. Halafu tafuta miradi ya wanafunzi waliomaliza miaka mitano iliyopita, ubofye viungo vyake. Vikiwa vingi havifunguki, ujue hapo wanafundishwa kujenga, kutunza hawafundishwi.

Tasnifu nyingi hukwama kwenye data, wala si kwenye programu. Chukua gazeti la zamani lililoskaniwa. Programu ya kutambua herufi ikisoma kwa usahihi wa asilimia 98, utafurahi. Sasa piga hesabu: ukurasa wa herufi 2,000 una makosa 40, na yakiangukia maneno tofauti, hayo ni maneno 40 mabovu katika ukurasa wa maneno 350 hivi. Mbaya zaidi, majina ya watu na mahali ndiyo huumia sana, kwa kuwa hayamo katika kamusi ya programu, na ndiyo mtafiti anayoyatafuta. Kwa hiyo skani kwa nukta 300 kwa inchi, 400 kama herufi ni ndogo. Tunza picha za muundo wa TIFF, zisizopunguzwa ubora, JPEG iwe ya kuonyesha tu. Kabla ya kushughulikia kurasa elfu, chapa kwa mkono kurasa 20 zilizochaguliwa bila upendeleo, ulinganishe na ilivyosoma programu.

Tarehe nazo zina vituko. Excel huanza kuhesabu siku tangu mwaka 1900. Ukiandika 7/3/1898 inaichukua kama maneno matupu, lakini 7/3/1902 inaigeuza tarehe, pengine Machi 7, pengine Julai 3, kulingana na mipangilio ya kompyuta. Ukipanga safu hiyo, karne zinachanganyikana. Weka safu mbili: moja yenye tarehe kama ilivyo kwenye waraka, nyingine yenye 1898-03-07, na uifunge kuwa maandishi kabla hujaingiza chochote. Waraka ukisema "mwaka 1890 hivi", usibuni siku.

Grafu za rangi zisikubabaishe. Zinatoka kwa dakika chache data ikiwa safi. Tenga nusu ya muda wa tasnifu kwa kusafisha, na andika kila badiliko ulilofanya, maana msimamizi atakuuliza.

Tovuti yako iwe ya kurasa za HTML tupu ukiweza. Inayotegemea hifadhidata huhitaji kusasishwa daima, na wewe utakuwa umeshaondoka. Data iwe CSV (jedwali la maandishi matupu) yenye UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), pamoja na faili fupi inayoeleza kila safu. Muulize mkutubi wa chuo muhula wa kwanza, si wa mwisho, hazina yao ya kuhifadhia kazi za kidijitali inapokea faili gani na kwa ukubwa gani.

Nitumie orodha za masomo za vyuo unavyovifikiria, tuzipitie pamoja.

Akupendaye,
Mama