YAH: Kuharibiwa kwa Msalaba wangu wa Chuma na kutupwa kwa pete yenye chapa

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliwakabidhi nishani yangu ya kijeshi, Msalaba wa Chuma wa Ujerumani, daraja la pili, wa mwaka 1914, kwa kazi moja tu: kuthibitisha mtengenezaji. Masharti yenu kuhusu kusafisha mali ya mteja bila idhini yake mnayajua kuliko mimi.

Nilipokuja kuichukua, nishani ilikuwa inametameta kama sufuria mpya. Rangi nyeusi ya chuma cha katikati imekwanguka kuzunguka taji na herufi W. Weusi wa fedha uliojijenga kwenye fremu kwa zaidi ya karne umefutika. Na juu inaning'inia pete mpya! Nikamuuliza mhudumu pete yangu iko wapi. Akajibu mbele ya wateja wengine: "Kile kipete kilikuwa na mikwaruzo, tumekitupa. Tumekuwekea kizuri zaidi."

Hiyo "mikwaruzo" ni S-W, chapa ya watengenezaji Sy & Wagner wa Berlin. Misalaba hii ilitengenezwa na karakana nyingi, na kwa daraja la pili chapa hugongwa kwenye pete. Sumaku itaonyesha kwamba katikati ni chuma halisi, ila haiwezi kusema nani alikitengeneza. Mtaalamu wenu mwenyewe, siku ya kupokea, aliitazama pete hiyo kwa lenzi na kuandika S-W kwenye fomu. Kwa hiyo mlijua. Na nilipopiga simu kuuliza mbona kazi inachelewa, niliambiwa "ipo kwenye usafi". Usafi huo aliuagiza nani?

Naomba nirudie kilichotokea kaunta, maana hakinitoki moyoni. Mhudumu alikuwa bado ameshika kitambaa chenye dawa ya kung'arishia. Nilipotoa lenzi yangu kuikagua nishani, aliichukua nishani hiyo mkononi mwangu na kuanza kuisugua tena, akidai kuna doa limebaki karibu na mwaka 1813 ulioandikwa upande wa nyuma. Nikamwambia aache. Hakuacha. Nikamwambia mara ya pili, ndipo akasema kile kipete kilikuwa na mikwaruzo, wamekitupa, na kwamba ningepaswa kushukuru. Watu wakacheka. Mimi mwenye mali nimesimama pale, natazama rangi nyeusi ikihamia kwenye kitambaa chake.

Nilikusudia kudai pete yangu na barua ya kuomba radhi, basi. Lakini pete mnasema imetupwa, na rangi haiwezi kurudishwa bila kuifanya nishani kuwa ya kughushi. Kwa hiyo nataka fidia kamili ya thamani iliyopotea, itakayopangwa na mthamini nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu. Ada ya uthibitisho irudishwe yote. Na mhudumu huyo asiguse tena nishani ya mtu yeyote.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, shauri litakwenda mahakamani, na kila mkusanyaji ninayemfahamu atapata picha za kabla na za baada, pamoja na fomu yenye saini ya mtaalamu wenu. Nakala zake nimeziambatanisha.

Wenu,
Mteja mwenye nishani