Barua ya wazi kwa mdogo wangu mwenye duka la mtandaoni

Mdogo wangu,

Oda zimepungua, mzigo umekwama njiani, na kila ukishika simu unakuta mteja anauliza bidhaa yake iko wapi. Najua mkono unakuwasha kushusha bei au kuongeza matangazo. Ngoja kwanza. Chukua karatasi utafute jibu la swali moja: duka lako linaweza kuishi siku ngapi bila kuuza kitu chochote?

Andika fedha ulizonazo leo. Bidhaa zilizo stoo usizihesabu, wala fedha ambazo kampuni ya malipo bado inazishikilia. Kisha toa fedha za wateja waliolipia bidhaa ambazo hazijakufikia wewe mwenyewe, maana wakighairi utawarudishia. (Kama bidhaa zao ziko stoo tayari, toa gharama ya kuzisafirisha tu.) Kinachobaki kigawe kwa matumizi ya siku moja: kodi ya stoo, mishahara, ada za programu, marejesho ya mkopo, na zile unazochukua kwa ajili ya nyumbani. Hizo za nyumbani wengi huzisahau.

Tuseme akaunti inaonyesha 3,000, oda zilizolipiwa ambazo mzigo wake haujafika ni 900, na duka linakula 70 kwa siku. Ukigawa 3,000 kwa 70 utapata siku 42 na utalala usingizi mnono. Lakini fedha zako hasa ni 2,100, kwa hiyo una siku 30. Duka hufa ndani ya zile siku 12 za katikati: wateja wanaghairi kwa mkupuo, na fedha zao zimeshalipa kodi ya stoo. Rudia hesabu hii kila Jumatatu.

Siku zako zikiwa chini ya 60, anza kukata matumizi. Fungua taarifa za benki za miezi mitatu upige alama kila ada inayokatwa yenyewe. Lazima utakuta programu ambayo hujaigusa tangu uijaribu. Mwenye stoo na aliyekukopesha waendee kabla tarehe ya malipo haijafika, ukiwa na pendekezo lenye namba, kwa mfano nusu ya malipo kwa miezi mitatu na tarehe ya kumaliza deni lililobaki. Ukienda baada ya kuchelewa, unaomba msamaha, na anayeomba msamaha hapangi masharti.

Matangazo usiyazime yote. Pima kila tangazo peke yake. Lililokula 60 likaleta oda 5 limekugharimu 12 kwa oda. Kama ukishatoa bei ya kununulia, vifungashio, usafiri na ada ya malipo unabaki na 9, kila oda inakutia hasara ya 3. Hilo lizime leo. Lile linalokuachia chochote, liache liendelee.

Kushusha bei ndiko kunakoniogopesha zaidi kwako. Bidhaa unayoinunua 70 na kuiuza 100 inakupa 30. Ukipunguza asilimia 15 unabaki na 15 tu, kwa hiyo lazima uuze mara mbili ili upate faida ileile, wakati ambapo watu wanabana matumizi. Punguzo libakize kwa mzigo uliolala zaidi ya siku 90. Huo uza hata kwa bei uliyonunulia, kwa sababu fedha iliyofungwa kwenye maboksi hailipi mshahara wa mtu. Na unapoagiza mzigo mpya, tumia muda ambao shehena ya mwisho ilitumia kufika, usitumie ule muuzaji wa jumla aliokuahidi. Ukiuza 4 kwa siku na mzigo unachukua siku 21, unahitaji 84 na akiba ya wiki moja, 28, jumla 112. Safari ikifika siku 35, jumla inakuwa 168. Ila ile 4 iwe wastani wa wiki mbili zilizopita. Ya mwaka jana itakujazia stoo.

Kwa mteja, tangulia wewe kuandika. Ujumbe uwe mfupi: "Oda yako imechelewa kwa sababu mzigo haujatufikia. Tunautarajia tarehe 18. Ukipenda kusubiri, huhitaji kufanya chochote. Ukitaka fedha zako, jibu RUDISHA na tutazituma ndani ya siku 3." Aliyelipa kwa kadi akikosa majibu huenda kulalamika benki yake, nawe unaweza kupoteza fedha hizo na kutozwa ada juu yake. Malalamiko yakizidi, kampuni ya malipo inaweza kuzuia hata fedha za wateja walioridhika.

Halafu kuna suala la kutegemea mlango mmoja, yaani kampuni moja kwa kila kitu. Tarehe 17 Machi 2020, siku 6 baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza janga la Covid-19, Amazon ilisitisha kwa muda kupokea kwenye maghala yake bidhaa za wauzaji zisizo za lazima. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takribani saa 6 kwa hitilafu ya kampuni yenyewe. Aliyekuwa na wateja wake wote humo hakuwa na njia ya kuwaambia hata "subirini". Kwa hiyo pakua orodha ya wateja waliokubali kuandikiwa, majina na barua pepe, kila mwisho wa wiki. Fungua njia ya pili ya malipo sasa, kwani uhakiki wa nyaraka huchukua muda. Hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwako, si kwa fundi aliyekutengenezea.

Nakala rudufu za kumbukumbu za duka ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae jengo tofauti. Kituo cha data cha OVH, kampuni inayohifadhi tovuti na mafaili ya wateja, kilipoungua Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, baadhi ya wateja walipoteza kila kitu, kwa kuwa hata nakala zao zilikuwa eneo hilohilo. Na jaribu kuirudisha nakala. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huenda ni faili tupu.

Jambo moja la haraka: ukipata barua pepe kwamba muuzaji wako wa jumla amebadili akaunti ya benki, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani kabla ya kulipa. Matapeli hupenda nyakati kama hizi.

Fanya ile hesabu usiku huu, unitumie idadi ya siku. Zikiwa chini ya 20, nipigie saa yoyote tuandike pamoja barua ya kwa mwenye stoo.

Ndugu yako