Bodero moja, milango mine

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia toka Lubumbashi. Mimi ni mtu wa fotokopi tu, niko na kajumba kadogo kenye mashine mbili na ordinatere moja, yaani kompyuta, karibu na chuo kikuu kimoja cha huku, jina lake naliacha maana wakubwa wake wanapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi na wengine bado wana deni langu. Sikusoma sana lakini karatasi za wanafunzi nazijua vizuri, zote zinapita hapa.

Basi sikia hii. Mwaka jana, sesyo ya mitihani inaanza, akaja binti wa mwaka wa kwanza, wale tunaowaita bleu, katoka Kamina kuja kusoma, mkononi ana bodero, ile risiti ya banki, minervali, yaani ada ya chuo, amelipa yote. Akapiga kopi moja ya ofisi ya fedha. Nusu saa haijaisha huyu tena, apariteri, yule anayeandikisha wanafunzi, naye anataka yake. Saa sita karudi, sekretere wa fakilte, yaani kitivo, kasema ile ya apariteri haimhusu. Saa nane mara ya nne, maktaba hawampi kitabu mpaka waone bodero, na safari hii franga zimemwishia, nikampigia bure. Nikamuuliza, binti, hawa watu si wako nyumba moja? Akacheka kile kicheko cha kuchoka. "Papa, nyumba ni moja, lakini kila mlango na ufunguo yake."

Kesho yake jina lake halikuwepo ku valvu, ule ubao wa matangazo, kwenye oditwari wakamrudisha, kopi nne zote zimegongwa muhuri na mtihani umempita. Kumbe orodha ya waliolipa ilikuwa imelala kwenye ordinatere ya ofisi ya fedha, hakuna aliyeibeba kuifikisha mlango wa pili, na ule mlango wa pili uko hatua kama ishirini tu, mimi mwenyewe nimeshapita pale.

Siku ile niliingiza pesa ya kopi tatu. Sitakudanganya Mhariri, kwenye hii fujo mimi ninakula.

Ndiyo maana nikisikia ku redio neno partenariati, yaani ushirikiano, nacheka kidogo. Kwetu partenariati ni lazima mgeni ashuke na ndege, watu wapeane mikono, nyuma yao bendera mbili, kesho picha ku Facebook. Sikatai, mambo ya maana yamekuja kwa njia hiyo, vitabu, vyombo vya laboratwari, asistanti wetu wamekwenda Ubelgiji kufanya doktora. Lakini sisi wenye umri fulani tunakumbuka 1990, ule usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano pale Kasapa, kampasi ya chuo, wanafunzi waliuawa, hesabu yao mpaka leo watu wanabishana. Ubelgiji ikataka uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, akakasirika, makoperanti wa Kibelgiji, wale wataalamu waliotumwa kusaidia, wakafukuzwa nchini. Partenariati ikafa kwa mambo ya wakubwa wa nchi mbili, na mwanafunzi aliyebaki hapa akabaki na zile ofisi zake zilezile. Kwa hiyo mimi nauliza, hawa wa milango mine wao kwa wao lini watasaini?

Kuna mzee mmoja mteja wangu, alifundisha zamani, nilipomwambia hivi akaniambia tulishajaribu kuunganisha. Akanipa historia yote, chuo kikuu cha hapa kiliundwa 1955, masomo yakaanza 1956, halafu 1971 Mobutu akakiunganisha na chuo cha Lovanium cha Kinshasa na kile cha Kisangani, yote ikaitwa UNAZA, mpaka 1981 ndipo wakaachana. Mzee nakuheshimu lakini ile haikuwa partenariati, ile ilikuwa kichwa kimoja Kinshasa na miguu Lubumbashi. Mimi siombi kichwa kikubwa. Naomba watu wanne watano wakae meza moja kila Jumatatu kabla ya sesyo, mtu wa fedha, apariteri, sekretere wa fakilte, wa maktaba, na delege wa wanafunzi ambaye ndiye anajua nani kafukuzwa wapi, waangalie orodha moja yenye namba za matrikule, anayekosekana atafutwe kabla ya siku ya mtihani. Hiyo haihitaji bajeti, labda chai.

Na sasa tuko na LMD, ule mfumo wa licence, masta na doktora, licence yaani digrii ya kwanza ni krediti 180, mwanafunzi anaweza kupita huku amebakiza deni la kozi kule, nani atamfuatilia kama kila ofisi inaandika ndani ya daftari yake? Zamani ulifeli mwaka ukarudia, ilikuwa uchungu lakini ilikuwa wazi.

Mtoto wangu mkubwa alinionyesha kwenye simu vile wengine wanafanya. Ufaransa wana CROUS, imeanza 1955, mwaka uleule na chuo chetu, ebu ona, kule chakula, nyumba na burse viko mkononi mwa shirika moja, na mwanafunzi anayeomba burse na nyumba anajaza faili moja tu. Marekani nako, University of Iowa, 1992, ndani ya maktaba walifungua ukumbi wa makompyuta, na baadaye vyuo vingi vya kule vikawaweka maktaba, watu wa kompyuta na wale wa kusaidia kuandika kazi chini ya paa moja, wewe unakuja na shida yako, hutumwi barabarani. Wale wana pesa, najua. Lakini kukaa chini ya paa moja ni kusogeza meza.

Sisi huku mbona vitu tunavyo. Wanafunzi wa udaktari wanafanya staji hospitali ya Sendwe, wa saikolojia wapo, na bleu anayelia usiku kwa kukumbuka kwao hajui pa kwenda. Wa sheria ndio nawaonea uchungu zaidi, wanajifunza mikataba miaka mitano, na mwenzao wa mwaka wa kwanza kutoka Likasi anapangishwa chumba na bayeri, yaani mwenye nyumba, anayedai garanti, ile pesa ya dhamana, ya miezi sita bila karatasi hata moja, chumba chenyewe mvua inaingia, na akihama garanti haioni tena. Hivi wale wa sheria wakikaa na ofisi ya homu, yaani mabweni, wakaandika kontra moja rahisi ya Kiswahili na Kifaransa, bayeri asaini mbele ya delege, ni kazi ya wiki ngapi? Mimi nitaipiga fotokopi bure, andika hapo gazetini, bure kabisa, za mwaka wa kwanza. Na mabayeri waitwe pia, si wote wezi, wengine ni wamama wajane wanaogopa mwanafunzi atakayetoroka bila kulipa.

Najua meza ile ikikaa mimi nitapoteza zile kopi tatu nne za kila kichwa. Basi, nitabaki na kufunga TFC, zile kazi za kumaliza masomo, na kuuza kalamu, sitakufa njaa.

Yule binti wa Kamina alipata sesyo ya pili akapita. Juzi kaja tena, sasa yuko mwaka wa pili, kashika bodero mpya, hata salamu hajamaliza. "Papa, piga tano kabisa, moja nibaki nayo."

Mwenye fotokopi,
Lubumbashi