Mtoto apewe haki ya kusimamisha safari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kando ya habari za siasa na bei ya unga, lakini ambalo kila likizo ya Agosti na ya Desemba huwagusa watu wengi wanaosafiri kati ya Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi, nalo ni namna tunavyosafiri na watoto wetu. Tunawasafirisha kama magunia ya viazi. Tunawapakia usiku Nakuru, tunawashusha alfajiri Kisumu, Busia au Kakamega, na katikati wakiuliza tumefika wapi tunawaambia walale. Mtoto anaweza kwenda kwa nyanya yake kila mwaka hadi amalize shule ya msingi bila kujua kwamba njiani kuna mahali paitwapo Londiani. Pendekezo langu ni kwamba mzazi anayeweza kufanya hivyo aigawe safari hiyo vipande vipande, asafiri mchana, na amruhusu mtoto abebe mwanasesere mdogo aliyemtengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ambaye ndiye atakayeamua mahali pa kusimama.

Najua kuna wasomaji watakaocheka. Mimi pia nilikuwa na shaka, hadi tulipoifanya safari hiyo mwezi wa Agosti kutoka Nakuru kwenda kwa wazazi wa mume wangu upande wa Seme, ng'ambo ya Kisumu, tukitumia matatu za kawaida kutoka steji moja hadi nyingine na kulala kwa jamaa.

Watoto walitaka kwanza kushona ndege heroe, kwa kuwa mtoto wa Nakuru akiambiwa achore mnyama wa kwao huchora heroe, hata siku hizi ambapo maji ya ziwa yameongezeka, mwani wanaoula ndege hao umepungua, na wengi wao wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Lakini miguu ile mirefu isingestahimili msongamano wa matatu hata hadi Molo. Wakachagua pimbi. Pimbi hana mkia wa kuhangaikia, shingo yake ni fupi na masikio yake ni madogo, hivyo kwamba mkono mmoja wa sweta kuukuu ya shule, iliyotoboka viwikoni, unatosha kwa mwili mzima. Fundi cherehani wa mtaani aliwapa masalia ya vitambaa ya kujaza tumboni, macho yakawa vifungo viwili vya shati visivyolingana, na shingoni akafungwa kamba imara ya kumning'iniza kwenye mkoba. Hakuzidi kiganja cha mtu mzima. Ukubwa huu ni muhimu kuliko unavyofikiriwa, kwa sababu mwanasesere mkubwa hugeuka kuwa mzigo wa mama kabla ya saa sita mchana.

Tulianzia pale pimbi wanapostahili kuanzia, yaani Hyrax Hill, kwa maana ya Kilima cha Pimbi, kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi, nje kidogo tu ya katikati ya jiji, ambacho wakazi wengi wa Nakuru hukipita maisha yao yote bila kuingia. Mary Leakey alifanya uchimbaji hapo mwaka wa 1937 na 1938, na mabaki ya makazi na makaburi ya watu wa kale waliofuga na kuishi kilimani, juu ya usawa wa Ziwa Nakuru, bado yanaonekana. Kilichowashika watoto zaidi, hata hivyo, si mifupa. Ni mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba wenyewe, ambayo walimketisha Pimbi kando yake na kumfundisha kucheza kwa kokoto. Hapo ndipo walipoelezwa pia kwamba pimbi, licha ya udogo wake, ni wa ukoo mmoja na ndovu, habari ambayo kitinda mimba wangu aliitangaza kwa kila abiria aliyeketi karibu naye kuanzia hapo hadi Kisumu.

Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa rahisi. Kila siku ya safari, Pimbi alikuwa na haki ya kuchagua mahali pamoja pa kushuka, na wazazi hawakuruhusiwa kukataa isipokuwa kwa sababu ya usalama. Ajabu ya kanuni hii ni kwamba mtoto anayelalamika kwa niaba yake mwenyewe hulalamika tu, ilhali mtoto anayesema kwa niaba ya mwanasesere wake hulazimika kutoa sababu. "Pimbi anataka kuona yule mtu anafanya nini" ni ombi tofauti kabisa na "nimechoka." Vilevile, mtoto mwenye haya, asiyeweza kusema mbele ya watu kwamba ana kichefuchefu au anataka kujisaidia, alituambia bila kusita kwamba Pimbi ndiye anayejisikia vibaya. Walimu wa chekechea wanalijua jambo hili tangu zamani, na sisi wazazi tungewauliza.

Nitataja kituo kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Tulipopanda kutoka Njoro kuelekea Molo na kuendelea hadi Londiani, Pimbi alichagua kushuka penye kijito ambacho mimi nisingekitazama mara mbili. Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe alituambia kwamba maji yale yanateremka hadi Nyando. Jioni ile, tukiwa na ramani ya kitabu cha shule, tulifuatilia kwa kidole. Mto Njoro, unaoanzia upande wa mashariki wa msitu wa Mau, humwaga maji yake katika Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto unaotoka, ambalo maji yake hubaki humo hadi yageuke mvuke. Ng'ambo ya pili ya mgongo huohuo wa nchi, vijito vya Londiani na Tinderet hukusanyika kuwa Nyando, unaoshuka hadi tambarare za Kano na kuingia Ziwa Victoria, na kutoka huko maji huendelea kwa njia ya Nile hadi bahari ya Mediterania. "Kwa hivyo Pimbi akitema mate huku yanafika Misri, na akitema kule yanabaki Nakuru?" aliuliza mkubwa. Swali lenyewe halina adabu, lakini sijawahi kusikia somo la mikondo ya maji likifupishwa vizuri kuliko hivyo.

Siku iliyofuata, baada ya kuyapita mashamba ya majanichai ya Kericho na kuteremka hadi kwenye joto, tulifika Ahero, ambako maji ya Nyando huvutwa kwa pampu hadi kwenye mashamba ya mpunga. Watoto waliutambua mto. Walikuwa wameuona ukiwa mdogo, na sasa waliuona ukiwa mpana, wa rangi ya udongo, wenye kina mama kando yake wakiuza mchele kwa gorogoro. Waliuliza kwa nini umebadilika rangi, na mama mmoja akawaeleza habari za udongo unaotoka juu na mafuriko yanayowahamisha watu wa Kano mvua kubwa zinaponyesha. Nina hakika kwamba kama tungepita hapo saa tisa usiku kwa basi, kama tulivyozoea, mto ule ungekuwa kwao daraja lenye mtikisiko tu.

Ya Kisumu nitayataja kwa ufupi. Jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka wa 1980, lina boma la Kijaluo lililojengwa kwa mpangilio wake halisi, na watoto walitumia muda mrefu wakijadiliana Pimbi angelala katika nyumba gani, swali lililowalazimu kuelewa nyumba ya mke wa kwanza huwa wapi na simba, yaani nyumba ya kijana, hujengwa karibu na lango kwa sababu gani. Ufuoni Dunga walimwonyesha mvuvi mwanasesere wao, naye akawaonyesha nyavu zake. Nionye tu kwamba penye tumbili, ikiwa ni pamoja na hifadhi ya swala pale Kisumu, kamba ile ya shingoni ishikwe barabara.

Kuna pingamizi mbili nilizozisikia ambazo si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba huu ni mtindo wa kigeni, wa watu wanaopiga picha vinyago vyao mbele ya minara ya Ulaya. Ni kweli kwamba wageni wanafanya hivyo, lakini wavulana wa huku walifinyanga ng'ombe wa udongo wakiwa malishoni na wasichana wakabeba mgongoni watoto wa magunzi na wa magome ya mgomba, na vitu hivyo vilikwenda nao kila walikokwenda. Isitoshe, mtaala wa umilisi unawataka watoto wetu watengeneze vitu kwa mali ghafi iliyo karibu nao. Sisi wazazi tunanung'unika, tunavitengeneza wenyewe usiku wa kuamkia siku ya kuviwasilisha, kisha tunavitupa. Kitu ambacho kina safari ya kwenda hakitupwi, na mtoto hakubali kishonwe na mwingine.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wazee. Sanamu ndogo ya kitambaa, iliyojazwa vitu tumboni, ikiingizwa bomani na mtoto wa mjini bila maelezo, inaweza kuzua maneno. Mama mkwe wangu alimtazama Pimbi kwa muda, akamgeuza, akambonyeza, akauliza ndani mna nini. Sikuona kosa lolote katika swali hilo. Watoto walimfungulia mshono, wakamwonyesha masalia ya vitenge, na yeye akachukua sindano akaushona tena vizuri kuliko walivyokuwa wameushona wao. Ushauri wangu kwa wazazi ni kwamba mwanasesere atambulishwe kwa wenye boma kama mgeni mwingine yeyote, mapema, na asitumiwe pini wala kufungwa nywele za mtu.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Wengi wetu tunapenda kuweka picha za safari mitandaoni, na nyuso za watoto wetu zimetapakaa huko wala hawakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto, lakini haiwezi kumzuia mzazi asiyefikiri. Safari hii tulimpiga picha Pimbi badala yao. Pimbi juu ya gorogoro la mchele, Pimbi juu ya mtumbwi, Pimbi chini ya yale mawe makubwa ya Kit Mikayi ambako watu huenda kusali. Jamaa walioko mbali walifurahia vilevile, na hakuna mgeni anayejua watoto wangu wanafananaje.

Tena kuna suala la uhai wenyewe. Barabara ya kutoka Salgaa kupitia Sachangwan na Migaa hadi Mau Summit haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa gazeti hili. Alfajiri ya Desemba 31, 2017 zaidi ya abiria 30 waliangamia karibu na Migaa katika ajali moja. Sidai kwamba mwanasesere huzuia ajali. Ninachosema ni kwamba familia iliyokwisha kukubaliana kwamba itasimama njiani haina sababu ya kupanda gari la usiku wala ya kumshangilia dereva anayeyapita malori penye mteremko.

Kwa hayo, ninaziomba serikali za kaunti za Nakuru, Kericho na Kisumu zitenge kando ya barabara hii mahali salama pa kupumzikia penye kivuli na vyoo safi, na ziweke vibao vya Kiswahili vinavyomwambia msafiri mto anaouvuka ni upi, unatoka wapi na unaelekea wapi. Mafundi wa kushona na wa kufuma wa miji yetu nao wafikirie kuuza vifurushi vidogo vya masalia, uzi na vifungo pale steji na kwenye malango ya mbuga, badala ya kuwaachia soko hilo wauzaji wa vikaragosi vya plastiki kutoka ng'ambo, ambavyo huvunjika kabla ya gari kufika Kericho.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni pembe ndogo katika ukurasa wa watoto wakati wa likizo za shule, ambapo watoto wataleta picha za wanasesere wao na mahali walipowafikisha. Picha zije bila nyuso za watoto wala majina ya shule zao. Jina la mahali, kitu ambacho mwanasesere ametengenezwa nacho, na sentensi mbili tatu zilizoandikwa na mtoto mwenyewe, bila kusahihishwa na mzazi, zinatosha.

Mzazi na msomaji wako,
Lanet, Nakuru